Usimlaze Mwizi Ndani Ukahamia Sabuleni

Maswali ya kompyuta: Bi Fundi anajibu kutoka Langoni, Lamu

Mwezi huu nimepata barua nane, na tano kati yake ni za pochi za bitcoin, zile programu za kutunzia funguo za fedha hiyo ya mtandaoni. Zile tatu za printa nimeziweka kando, zingoje. Wino uliokauka haukimbii.

*

*Asalaam aleikum Bi Fundi. Nina nyumba ya wageni Shela, vyumba vitatu. Baadhi ya wageni huomba kulipa kwa bitcoin, nami nimekuwa nikiweka kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Laptopu ni moja, ya Windows 10, RAM GB 8, na hiyo hiyo ndiyo wanangu wanayochezea gemu wanazopeana na wenzao kwa flashi. Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Mombasa aliniwekea VirtualBox, ndani yake akatia Linux (mfumo mwingine wa kompyuta, kama Windows), na pochi akaiweka ndani ya hiyo Linux. Anasema sasa hata Windows ikijaa virusi, pochi haitaguswa. Je, nilale usingizi?*
— Mwenye nyumba, Shela

Waalaykum salaam, kaka. Usilale bado. Mpwa wako ana nia njema, ila nyumba kaipanga kinyume.

Wewe ni mtu wa Shela, basi tuzungumze kwa nyumba. Mgeni akija hukomea dakani. Akiwa ni wa kulala hupewa sabule, kile chumba kilichojitenga chenye njia yake, asipite penye wanawake wala asijue huko ndani kuna nini. Mashine pepe, hiyo aliyokutengenezea mpwa wako kwa VirtualBox, ni sabule. Ni kompyuta ya kuigiza iliyomo ndani ya kompyuta ya kweli: diski yake ni faili moja kubwa tu, kwa VirtualBox aghalabu huishia na .vdi, RAM yake ni kipande ilichokatiwa, na programu zinazoishi humo hudhani hiyo ndiyo dunia nzima. Hata mafundi wa Ulaya wanaipa majina hayo hayo: Windows yako ni mwenyeji, Linux iliyo ndani yake ni mgeni.

Sasa sabule ilijengwa kwa ajili gani? Kumzuia mgeni asifike ndani. Haikujengwa kumzuia mwenye nyumba asiingie sabuleni. Mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo. Kila herufi unayobonyeza hupita kwa Windows kwanza ndipo iifikie Linux. Kila unachokiona kwenye kioo, Windows ndiyo iliyokichora. RAM ya mgeni imo tumboni mwa RAM ya mwenyeji, na lile faili la .vdi laweza kunakiliwa lote kama wimbo. Gemu za flashi zikileta kirusi cha kudaka vibonyezo, kitatulia Windows kimya, na siku utakayoandika nywila ya pochi kitaandika pamoja nawe. Kwa hivyo mpwa wako amemlaza mwizi ndani, akakuhamishia wewe sabuleni pamoja na sanduku lako.

Nasema kwa uchungu kwa kuwa yamenipata. Mwaka 2021 nami nilikuwa na mpango kama wako kwenye kompyuta ya dukani: Windows nje, Linux ndani, pochi ya Electrum humo. Nilitaka kumlipa mtu wa Malindi aliyeniletea vioo vya laptopu, kama shilingi 38,000 hivi. Anwani yake ilikuwa kwenye barua pepe upande wa Windows, nami kwa uvivu nilikuwa nimewasha klipubodi ya pamoja, unanakili huku unabandika kule. Nikanakili, nikabandika. Nikatazama mwanzo wake: bc1q. Nikatazama ya kwenye barua pepe: bc1q. Nikatuma, nikaenda kuswali adhuhuri. Alasiri yule mtu ananipigia, pesa ziko wapi?

Nikaziandika anwani mbili kwenye karatasi, moja juu ya nyingine. Anwani za aina ile zote huanza na bc1q, ya mwizi na ya walii. Kati ya herufi 42 mimi nilikuwa nimelinganisha zile nne zisizotofautisha mtu na mtu. Kirusi kilikaa upande wa Windows kikingoja kitu chenye sura ya anwani kinakiliwe, kikakibadilisha hapo hapo. Ukuta wa mashine pepe haukupasuka popote. Dirisha nililitoboa mwenyewe.

Na si kama M-Pesa, ukikosea unapiga simu kuomba muamala urudishwe. Huku hakuna wa kupigiwa. Benki Kuu yetu ilishatoa tahadhari tangu Desemba 2015, nami niliisoma nikacheka. Tangu siku ile nasoma herufi sita za mwisho kwa sauti kama mtoto wa chuoni, kisha nne za katikati, maana wapo wanaotengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho kusudi.

Kwako wewe, kazi ni kugeuza. Lakini kwanza fahamu kwamba maneno 12 ya siri ya pochi yako ya sasa, yale yanayoweza kuirudisha kwenye kompyuta yoyote, yalipita kwenye kioo cha Windows ile, kwa hivyo yahesabu kuwa yameshaonekana. Kuihamisha pochi ile ile mahali safi hakutoshi. Unatengeneza pochi mpya, yenye maneno mapya, kwenye mashine safi, kisha unatuma fedha kutoka ya zamani kwenda mpya.

Mashine safi utaipata wapi? Windows 10 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi usiihurumie. Nakili picha na hati zako, futa diski yote, weka Linux Mint iwe ndiyo mwenyeji, na wakati wa kuiweka kubali diski isimbwe kwa nywila, laptopu ikiibwa kwenye boti la Mokowe mwizi apate chuma tu. Mwenyeji huyo hafanyi kitu ila kupokea masasisho na kubeba pochi. Barua pepe za wageni, viambatisho vyao, kuperuzi, gemu, vyote vinakwenda sabuleni, kwenye mashine pepe. Kwa GB 8 ulizo nazo, mpe mgeni 3 au 4, usizidishe, la sivyo mwenyeji atakosa pumzi. VirtualBox ikikataa kuwaka kabisa, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kabla mfumo haujawaka, uangalie kama swichi ya mashine pepe, VT-x, imezimwa (laptopu za AMD huiita AMD-V). Nimeona watu wakinunua laptopu mpya kwa ajili ya swichi hiyo moja.

Kisha fungua mipangilio ya ile mashine uzibe madirisha: klipubodi ya pamoja zima, kuburuta mafaili kutoka upande mmoja hadi mwingine zima, folda ya pamoja usiweke, USB usiipitishe. Klipubodi huja ikiwa imezimwa tangu kiwandani. Sisi ndio huiwasha. Utasema, sasa nitapitishaje anwani ya kulipia? Kwa macho na vidole, au elekeza kamera ya simu kwenye QR. Inachosha, ndiyo.

Wanao watalalamika kwamba gemu zinakwama ndani ya mashine pepe. Zitakwama kweli, sitakudanganya. Ukiniuliza kama dada yako, tafuta laptopu kuukuu ya pili, hata ile iliyovunjika bawaba ikafungwa kwa waya, pochi iishi humo peke yake na watoto ubaki nao kwenye hii. Hakuna ukuta unaoshinda nyumba ya pili. Na kama kilichokusanyika kinakaribia bei ya mashua, acha mambo ya mashine pepe, nunua pochi ya kifaa, vile vidude vyenye kioo kidogo. Trezor ya kwanza ilitoka Prague mwaka 2014 na sasa viko vya aina nyingi. Ufunguo wa siri hautoki ndani ya kifaa hata kompyuta ikiwa jalala, na anwani unaihakikisha kwenye kioo chake chenyewe, si kwenye laptopu. Kinunue kwa mtengenezaji. Kikikufikia na karatasi iliyokwisha andikwa maneno tayari, kirudishe, hayo ni maneno ya mwizi.

*

*Bi Fundi, shikamoo. Mimi niko Malindi. Kwenye mashine pepe yangu nilirudisha snapshoti ya zamani (nakala ya mashine kama ilivyokuwa siku fulani) baada ya Linux kuharibika, na pochi ikatoweka yote! Karatasi ya maneno 12 ninayo lakini iliingia maji ya bahari, neno la tisa limebaki herufi mbili za mwanzo. Mengine 11 ni haya:* [Nimeyaondoa. B.F.] *Nisaidie kulijua hilo moja.*
— Mvuvi wa Jumapili

Marahaba mwanangu. Kwanza nipumue.

Barua yako imepita kwa aliyeibeba, kwa mhariri na kwangu, na kila mmoja wetu angeweza kukuibia kabla ya chakula cha mchana. Kile kipande nimekikata kwa mkasi nikakitia kwenye jiko la makaa, chai ikachemkia juu yake. Lakini sijui nani alikisoma kabla yangu. Kwa hiyo haya nitakayokueleza yafanye leo, usingoje Jumapili.

Fedha zako hazikutoweka, kwa kuwa hazikuwahi kuwa ndani ya laptopu. Zimo kwenye daftari la bitcoin lenyewe, ambalo limekuwa likinakiliwa kwenye kompyuta za watu duniani tangu Januari 2009. Pochi hubeba funguo tu, na maneno 12 ni mbegu ya funguo hizo. Snapshoti uliyoirudisha ilipigwa kabla hujaweka pochi, basi mashine imerudi siku zile, haijui lolote. Maneno yakikamilika, pochi inaota tena.

Sasa neno la tisa. Pochi nyingi hutumia orodha moja ya maneno 2048 ya Kiingereza, iliyowekwa mwaka 2013 kwa utaratibu uitwao BIP39. Waliitunga kwa akili: herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha neno lolote na lingine. Wewe unazo mbili. Tuseme ni o na c (si zako, nimebadilisha): katika orodha nzima maneno ya oc ni matatu, occur, ocean na october. Unayajaribu moja moja. Na ndani ya maneno 12 mmefichwa hesabu ya kujikagua, ambayo neno la kubahatisha huipita mara moja tu katika 16. Hata kama neno zima lingekuwa limefutika, katika yale 2048 ni kama 128 tu yangekubali. Kwa hiyo utalipata. Na yeyote aliyesoma barua yako atalipata pia. Ndiyo maana nakukimbiza.

Usiyaandike kwenye laptopu yako ile. Azima laptopu unayoiamini, iwashe kwa flashi ya Tails. Huo ni mfumo unaokaa kwenye flashi tu, na ukizimwa hufuta kumbukumbu yake. Usiunganishe intaneti kwanza. Electrum imo humo tayari. Chagua kurudisha pochi kwa maneno, kwenye chaguo zake weka alama ya BIP39, na ukiandika maneno yote yenyewe itakuambia kama hesabu ya kujikagua imekubali au imekataa. (Kama pochi yako ya mwanzo ilitengenezwa na Electrum yenyewe, usiweke alama hiyo, Electrum ina utaratibu wake.) Likipatikana, tengeneza pochi nyingine mpya, andika maneno yake kwa penseli, penseli haichuji majini kama wino. Ndipo uunganishe intaneti uhamishe kila kitu.

Na snapshoti zako zile zilizobaki, zifute zote. Watu huziona kama picha ya ukutani, kumbe kila moja ni nakala ya diski, na ukiipiga mashine ikiwa inawaka hubeba na RAM yake, maneno ya siri yakiwa humo. Kosa jingine ni kutengeneza pochi mbili kutoka snapshoti moja ya mashine iliyokuwa ikiwaka. Mashine ikiamka mara mbili kutoka usingizi ule ule yaweza kukutolea nambari zile zile ikikuambia ni za bahati nasibu. Agosti 2013 kuna watu waliibiwa bitcoin kwenye simu za Android kwa ugonjwa wa jamii hiyo hiyo: nambari zilizopaswa kuwa za nasibu hazikuwa za nasibu.

*

*Bi Fundi, mimi ni mwanafunzi, Malindi. Wenzangu wanasifu Qubes. Inafaa?*

Inafaa kama laptopu yako inaibeba. Qubes ni mfumo wa kompyuta, wa kuwekwa badala ya Windows. Ilitoka mwaka 2012, ikiongozwa na Joanna Rutkowska wa Poland, na wazo lake ndilo hili ninalolipigia kelele tangu juu: kompyuta nzima ni vyumba. Mtandao una chumba chake, kazi chake, viambatisho vya ovyo hufunguliwa kwenye chumba kinachobomolewa ukishatoka, na funguo hukaa kwenye chumba kisicho na mtandao kabisa. Mwenyeji mwenyewe haunganishwi na intaneti. Kunakili kutoka chumba hadi chumba kunataka ubonyeze Ctrl, Shift na C, kisha Ctrl, Shift na V, yaani hutapitisha kitu kwa usingizi kama nilivyofanya mimi. Inataka RAM GB 6 kwa uchache, lakini usiiweke chini ya 16 ukategemea kufanya kazi.

Usije ukadhani kuta hazitoboki. Mwaka 2015 lilifichuliwa tundu lililoitwa VENOM, la kumwezesha mgeni kuvunja kutoka kwenye mashine pepe hadi kwa mwenyeji, na VirtualBox ilikuwemo katika walioguswa. Lilikuwa wapi? Kwenye kile kipande kinachoigiza kiendeshi cha diski za flopi! Nani bado ana flopi? Msimbo ule ulikaa humo tangu 2004 bila mtu kuutazama. Basi sasisha VirtualBox kila inapokudai, na mgeni mvue kila kifaa asichokihitaji.

*

*Kuna kijana wa Telegram anasema ili aunganishe pochi yangu na mashine pepe anahitaji maneno yangu 12. Nimpe?*
— Asiye na uhakika, Mkomani

La.

*

*Bi Fundi, salaam kutoka Faza. Mume wangu ni nahodha, huenda baharini wiki mbili tatu. Ana bitcoin kwenye laptopu, anasema ameifungia ndani ya mashine pepe, nywila juu ya nywila, hata yeye mwenyewe huchukua dakika kumi kuifungua. Mimi namuuliza, Mungu apishe mbali, ukitutoka nitaifunguaje mimi na watoto? Anacheka.*
— Mama wa watatu

Dada, mwambie Bi Fundi hacheki. Nimeletewa laptopu mbili za marehemu hapa dukani, moja mjane alikuja nayo imefungwa kwenye leso, diski imesimbwa, ndani yake mashine pepe nayo imesimbwa. Nilimrudishia kama alivyoileta. Kufuli ile haikujua tofauti ya mwizi na mrithi, nami sikuwa na la kufanya.

Laptopu yenyewe haina thamani katika jambo hili. Chumvi yetu itaila kabla ya miaka mitano hata hivyo. Cha kurithisha ni maneno. Ayaandike kwa mkono, kamwe asiyapige picha kwa simu. Karatasi kwenye nyumba za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na juu ya dari kuna mchwa, basi afadhali kibati cha chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria mazuri, si bati la paa. Fundi wa vyuma ana mihuri ya herufi ya kugongea. Kwa orodha ile niliyoieleza juu, herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, kwa hiyo kibati cha kiganja kinaenea. Lakini agonge mwenyewe. Aazime mihuri na nyundo, arudishe jioni.

Asiyakate maneno sita kwako na sita kwa kaka yake, nimeona watu wakifanya hivyo wakidhani ni werevu. Nusu moja ikipotea nyote mmekosa, na aliyeipata nusu amepunguziwa kazi mno. Akitaka tahadhari zaidi, pochi nyingi hukubali neno la ziada analolichagua mwenyewe juu ya yale 12. Kibati kikae kwako, neno la ziada likae kwa mtu mwingine mnayemwamini nyote wawili, na kila mmoja ajue kwamba mwenziwe yupo.

Kisha kabla hajapandisha tanga safari ijayo, akae kando, mikono mapajani, wewe urudishe pochi kutoka kwenye kibati ukiwa peke yako kwenye mashine safi, usitume kitu, utazame tu kama salio linaonekana. Ukikwama mahali, hapo ndipo pa kuandika maelezo kwa Kiswahili, kwa hati yako wewe si yake. Yeye hati yake nimeiona kwenye risiti ya dizeli, haisomeki.